Kidari cha Krathing

17 Julai

Tangu mwezi wa pili sijaandika humu hata mstari mmoja, na sina udhuru wa maana. Mtu aliyewalazimisha wanafunzi wake kwa miaka thelathini na mmoja waandike kumbukumbu za kila siku hana haki ya kuliacha daftari lake mwenyewe lishike vumbi miezi mitano. Naomba radhi. Naiomba kwa daftari, kwa kuwa hakuna mwingine anayelisoma.

Nimerudi kwa sababu muda uliobaki ni mdogo. Tarehe thelathini Septemba nitastaafu pamoja na watumishi wote wa serikali waliotimiza miaka sitini. Kabla ya siku hiyo sharti nikabidhi ripoti ya kazi tuliyoianza mwaka juzi: kulinganisha vifaa viwili vya kufungia mfupa wa kidari wa mbwa aliyepasuliwa kifua. Kimoja ni waya wa chuma kisichoshika kutu. Cha pili ni uzi mnene wa hospitali, ambao huyeyuka wenyewe mwilini baada ya miezi kadhaa. Ripoti hiyo ndiyo itakayoamua hospitali hii ya wanyama ifundishe nini nikishaondoka.

Hapa mjini Nan vifua havitupungukii. Kila sherehe ina mishikaki ya nguruwe, kila mshikaki una kijiti cha mwanzi, na mbwa hatenganishi nyama na kijiti. Kijiti hutoboa njia ya chakula, huingia kifuani, na kifua hujaa usaha. Tumekwisha kuwafunga mbwa ishirini na sita kati ya thelathini. Kaka Inkaeo, mtunza mbwa wetu, hutoa kura ya karatasi kutoka kwenye kikapu cha wali wa kunata; kura ikisema waya, ni waya; ikisema uzi, ni uzi. Upasuaji tunapokezana, mbwa mmoja wangu, mmoja wa Daktari Phanida, mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni msaidizi wangu. Phanida peke yake husoma picha za eksirei, ili jicho liwe moja, na huandika neno moja kati ya matatu: imara, kimelegea, kimeachana.

Hadi leo waya haujapata hata "kimelegea" moja. Uzi una tatu. Nilitarajia hivyo.

21 Julai

Phansa imeanza. Watawa wamejifungia hekaluni kwa miezi mitatu ya mvua, na mvua nayo imeanza alfajiri ileile, kana kwamba iliagizwa.

22 Julai

Saa mbili asubuhi Mama Bualai, auzaye tambi karibu na daraja, alimleta mbwa wake juu ya mkokoteni wa kubebea masufuria. Mbwa anaitwa Krathing, jina la nyati wa msituni, na linamfaa: kilo thelathini na moja, kifua kipana kama gudulia. Alikuwa akipumua kwa tumbo, ulimi wa buluu.

"Amekula nini?" nilimwuliza.

"Sema hakula nini, Daktari. Sherehe ya kumpeleka mwanangu utawani, wiki mbili sasa. Watu mia mbili, nguruwe wawili. Mwanangu Thanakon, kichwa kimeshanyolewa, akamrushia huyu mishikaki yake mwenyewe. Akamwambia, 'Kula, ndugu yangu, mimi jioni sitakula tena.'"

"Basi na mbwa kajiunga na utawa," alisema Kaka Inkaeo. "Tazama, naye hali tena."

"Kaka Inkaeo, nyamaza."

"Nimenyamaza, Mwalimu."

Mama Bualai alinishika kiganja kwa mikono yake miwili. "Mwokoe, Daktari. Mwanangu ameuchukua utawa ili marehemu baba yake apate thawabu. Haruhusiwi kulala nje ya hekalu mpaka mvua ziishe. Siku atakayotoka asimkute huyu, atasema mkono wake ndio uliomuua. Namjua. Hatasahau mpaka anaingia kaburini."

Kura ilisema uzi. Nilimtazama mbwa, nikasema, "Uzi hautamshika huyu. Tutamfunga kwa waya, na nitaandika sababu." Phanida aliinua macho juu ya barakoa. Kisha akasema, "Ndiyo, Mwalimu." Hakuna aliyepinga.

Tulipasua kidari katikati kwa msumeno. Kijiti tulikikuta kimelala kando ya moyo, sentimita tisa, ncha yake bado nyeusi kwa moto wa mkaa. Tulikitoa, tukasafisha kifua kwa maji ya chumvi mpaka yakatoka meupe. Kufunga nilifunga mwenyewe, waya mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukizunguka pande mbili za mfupa na kupishana katikati. Mimi humalizia kila msokoto kwa nusu mzunguko wa ziada, mpaka koleo lenyewe ligome. Phanida huachia kabla ya hapo. Nimemkemea mara nyingi.

24 Julai

Ameamka. Amemng'ata Kaka Inkaeo kidole gumba. Dalili njema.

27 Julai

Bomba la kutolea maji kifuani limeondolewa. Mvua.

30 Julai

Kaka Inkaeo alinifuata ofisini akiwa amevua viatu mlangoni, jambo ambalo hulifanya tu akiwa na la kusema.

"Mwalimu, kifua cha Krathing kinalia."

"Kinalia vipi?"

"Tik. Akivuta pumzi, tik. Ukimwekea kiganja unaisikia mkononi kabla ya sikioni. Kama mtu avunjaye kiberiti mfukoni."

Nilikwenda. Niliweka kiganja. Mvua ilikuwa ikipiga bati na mbwa alikuwa akinguruma, sikusikia kitu. Nilimwambia Kaka Inkaeo kwamba kazi yake ni kuosha vizimba, na kwamba kizimba cha tatu kinanuka. Phanida alikuwa amesimama nyuma yetu na kopo la dawa. Kaka Inkaeo alimgeukia. Nyumbani kwao Phanida huitwa Mot, yaani sisimizi, na Kaka Inkaeo hakuwahi kuliacha jina hilo.

"Wewe Mot, ng'ata basi. Sisimizi gani asiyeng'ata?"

Phanida alicheka kidogo, akaondoka na kopo lake.

31 Julai

Krathing ameruhusiwa kwenda nyumbani.

5 Agosti

Picha ya wiki mbili. Phanida ameandika: imara.

8 Agosti

Alhamisi, siku ya kuwaheshimu walimu. Tulikaa jukwaani, na wanafunzi wakaja kwa magoti na masinia yao: maua ya biringanya, majani ya nyasi, ubani. Hii ilikuwa ya mwisho kwangu, kwa hiyo walitaka Phanida aongoze, ingawa si mwanafunzi tena. Alikuja kwa magoti kutoka mlangoni hadi miguuni pangu, mwendo mrefu kwa mtu wa miaka thelathini na minne, akainamisha paji la uso mpaka likagusa mkeka. Nilipopokea sinia, mikono yake ilikuwa baridi kama samaki wa sokoni. Alisema maneno ya kuomba msamaha wa makosa yote, aliyoyatenda kwa kujua na kwa kutojua. Ni maneno ya kawaida, husemwa kila mwaka. Lakini aliposema "kwa kujua" sauti ilimkatika, na ilibidi aanze upya.

Nilidhani ni majonzi ya kuagana. Nilifurahi, nakiri.

12 Agosti

Siku ya akina mama. Mama Bualai hakuvikwa asumini na mtu, kwa kuwa mwanawe ni mtawa na mtawa hamsujudii mama. Anasema Krathing anakula vizuri, ila halali tena kifudifudi.

19 Agosti

Picha ya wiki nne. Phanida aliishika mbele ya taa muda mrefu kuliko kawaida.

"Vipi?" niliuliza.

"Imara, Mwalimu." Kisha: "Labda Mwalimu angependa kuiangalia mwenyewe?"

"Kuna haja?"

"La, Mwalimu. Hakuna haja."

Mvua haijakatika, leo siku ya sita. Mto umefika ngazi ya nne ya gati.

23 Agosti

Maji yaliingia hospitalini jana alasiri, ya rangi ya chai ya maziwa, yakiwa na ndara, majani ya migomba na kuku mmoja aliyekufa. Tuliwabeba mbwa kumi na wanane kwenda ghorofa ya juu, kila mmoja mikononi. Kaka Inkaeo alimbeba mbwa mkubwa wa Kijerumani wa mfanyabiashara wa mbao huku akimwambia, "Bwana wako hajawahi kunisalimu, na leo nambebea mtoto." Umeme ulikatika. Chumba cha picha kilikuwa cha mwisho kufikiriwa, na maji yalikuwa yamefika magotini tulipomwona Phanida akitoka humo na sanduku la picha zote za utafiti kichwani. Maji yalikuwa yakimsukuma. Nilimpigia kelele aliache. Hakuliacha. Ilikuwa mara ya kwanza kwangu kumwona akikataa amri yangu.

25 Agosti

Tope. Tope kila mahali.

30 Agosti

Nimeanza kuandika ripoti. Waya: mbwa kumi na wanne, imara kumi na wanne. Sentensi hiyo ni safi mno. Niliitazama nikajisikia kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani akakuta milango yote wazi na hakuna mtu.

4 Septemba

Mvua. Sikuandika ripoti.

9 Septemba

Mama Bualai amerudi. Safari hii hakuja na mkokoteni. Krathing ametembea mwenyewe, polepole, kichwa chini. Ana uvimbe laini juu ya kidari, mkubwa kama yai la bata.

"Analala amekaa, Daktari," alisema. "Kama mzee kibarazani. Akisinzia anaanguka, akianguka analia, anakaa tena. Mtawa ameniuliza habari zake mara tatu nikipeleka chakula. Mara zote tatu nimemwambia hajambo. Mimi nimemdanganya mtawa, Daktari, tena mtawa niliyemzaa."

Hakukuwa na mvua. Kulikuwa kimya. Niliweka kiganja juu ya kidari, na mbwa akavuta pumzi.

Tik.

Niliisikia mkononi kabla ya sikioni, kama Kaka Inkaeo alivyosema. Niliisikia tena, na tena, kwa kila pumzi, na kila mara pande mbili za mfupa ziliteleza chini ya vidole vyangu kama meno ya mtoto yaliyo karibu kung'oka.

Nilipiga picha mwenyewe na kuisafisha mwenyewe. Nyaya tatu zimeukata mfupa kama waya wa kukatia sabuni. Mbili zimekatika. Kipande cha mmoja, kirefu kama punje ya mchele, hakipo mahali pake: kimeelekea ndani, upande wa moyo.

10 Septemba

Siku nzima nimekaa na sanduku la picha. Nilianza na za Krathing. Picha ya tarehe tano Agosti, wiki mbili baada ya upasuaji: pengo lipo. Dogo, lakini lipo, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu angeliona. Picha ya tarehe kumi na tisa: pengo limekua mara mbili, na waya mmoja umekatika. Chini yake, kwa mwandiko mzuri ambao mimi mwenyewe niliusifu: imara.

Nilizitoa zote. Za uzi zimesomwa kwa haki. Uliolegea umeandikwa umelegea, hata pale ambapo mimi ningesitasita. Za waya nilizisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimefunika neno lake kwa kidole. Kati ya kumi na nne, tano si imara. Mbili kati ya hizo tano zimeachana wazi.

Hasira niliyokuwa nayo asubuhi ilikuwa ya haki na ilinipa nguvu. Nilikuwa nimeanza kuandika barua ya kumshitaki kwa mkuu wa idara. Kisha nikafungua daftari la chumba cha upasuaji ili nipate tarehe kamili, nikaona safu ambayo sikuwa nikiitafuta, safu ya jina la aliyefunga. Waya kumi na nne: saba nilifunga mimi, saba alifunga Phanida.

Zake zote saba ni imara kweli. Zile tano ni zangu.

Nimeichana barua.

11 Septemba

Nilimwita Phanida saa tatu. Alikuja, akaona picha zimepangwa juu ya taa, akakaa kabla sijamwambia akae. Hilo pia hajawahi kulifanya.

"Tarehe tano Agosti. Unaona nini?"

"Pengo, Mwalimu. Milimita mbili."

"Tarehe kumi na tisa."

"Nne. Na waya wa tatu umekatika."

"Siku ile uliona?"

"Niliona."

"Ukaandika imara."

Alikuwa akitazama magoti yake.

"Nilikuamini wewe uzisome peke yako," nilisema, "kwa sababu hukuwa na upande."

"Haikuwezekana nisiwe na upande, Mwalimu. Uzi hauonekani kwenye picha, waya unaonekana. Nikiona mistari myeupe najua ni waya. Nikiona msokoto umebanwa mpaka mwisho, najua hata mkono ni wa nani." Aligusa ukingo wa picha. "Waya hauna kosa. Ni ile nusu ya mwisho. Waya unachoka pale pale unaposokotwa, au ukisalimika, unakula mfupa."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu mbwa wa nne."

"Na hukuniambia."

"Nilisema, Mwalimu."

"Lini?"

"Niliuliza kama Mwalimu angependa kuiangalia mwenyewe."

"Huko si kusema, Phanida!"

"Kwangu ndiko kusema." Sasa alikuwa akilia, lakini sauti haikutetemeka. "Sijawahi kumwambia Mwalimu neno kubwa kuliko hilo. Mwalimu ndiye aliyenishika mkono huu nikajifunza kushika kisu. Nitaandikaje kwa mkono huohuo kwamba kazi yake imeachana?"

Nilitaka kusema kwamba hii ni sayansi, kwamba heshima ibaki mlangoni pamoja na viatu. Lakini nilikumbuka chumba cha upasuaji tarehe ishirini na mbili Julai, karatasi ya kura mkononi mwa Kaka Inkaeo, macho ya Phanida juu ya barakoa. Niliivunja kura yangu mwenyewe kwa sababu niliamini waya hauna doa, na niliamini hivyo kwa sababu watu waliniheshimu mno kunionyesha doa. Katika miaka yote hiyo, kila nilipoandika kwamba hakuna aliyepinga, niliandika kana kwamba ni ushahidi.

"Ungeweza kuyaacha maji yalichukue sanduku," nilimwambia mwishoni.

"Nilifikiri hivyo, Mwalimu. Nilisimama mle ndani nikafikiri kabisa. Maji yalipofika hapa," akagusa goti, "nikalibeba."

12 Septemba

Kaka Inkaeo ananisalimu kwa adabu mno. Anajua. Afadhali angenidhihaki.

13 Septemba

Picha nyingine. Kipande cha waya kimesogea tena, unene wa kucha. Njia ziko tatu. Kukifungua kifua upya, kukitafuta kipande na kufunga tena: mbwa huyu amedhoofika, na ningesema ana nafasi moja kati ya mbili. Kumwacha: kipande kinaweza kutulia kwenye nyama kisisogee tena maishani, au kinaweza kuutoboa moyo kesho akibweka. Ya tatu ni sindano ya kumlaza moja kwa moja, ambayo hapa watu hawaitaji kwa jina.

14 Septemba

Nilimwita Mama Bualai. Nilitaka Phanida na Kaka Inkaeo wawepo, wasimame, wasikie. Nilimweleza yote: kura, waya, nusu mzunguko, kipande kilipo, njia tatu. Sikutumia neno la kitaalamu hata moja, kwa kuwa maneno hayo ni mahali pa kujifichia.

Alinisikiliza huku akimsugua Krathing nyuma ya sikio.

"Kwa hiyo kijiti cha mwanangu ulikitoa," alisema, "ukamwekea cha kwako."

"Ndiyo."

Kaka Inkaeo alikohoa. "Mama, Mwalimu angeweza kusema ni bahati mbaya. Nani angejua?"

"Najua angeweza. Kwani mimi nimemtukana?" Kisha akanigeukia. "Hiyo ya tatu usiitaje mbele yangu tena. Hizo mbili, mimi siwezi kuchagua. Nimeshadanganya mara tatu, kichwa changu si kizuri. Mwenye mbwa ni yeye. Kesho twende hekaluni, na uyaseme wewe kwa mdomo wako."

15 Septemba

Hekalu liko ng'ambo ya mto, na njia bado ni tope. Kaka Inkaeo alitupeleka kwa gari la hospitali, akiunung'unikia usukani: juzi tu Thanakon alikuwa akimwazima pikipiki na kuirudisha bila mafuta, na leo itampasa ampigie magoti.

Alipiga magoti. Sote tulipiga. Mtawa alikuwa amekaa juu ya jukwaa dogo, amekonda, mabega yake yametokeza kwenye vazi la rangi ya udongo. Mama yake alikaa chini yake, viganja vimeungana, na hakumtazama usoni.

Nilisema. Nilipofika kwenye kipande cha waya, alifumba macho.

"Mama aliniambia hajambo," alisema.

"Nilikudanganya, Mheshimiwa," alisema Mama Bualai kwa sauti ndogo. "Nisamehe."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Chini ya sakafu bata walikuwa wakikoroga tope.

"Mishikaki niliirusha mimi," alisema mtawa. "Sasa mnataka nirushe tena. Nikisema mfungueni, akafa mezani, ni neno langu. Nikisema mwacheni, akafa akibweka, ni neno langu. Mimi nina nadhiri ya kutoua hata mbu. Daktari, wewe ungefanya nini?"

Miaka thelathini na mmoja nimekuwa na jibu la swali hilo, kwa kila mtu, kabla hajamaliza kuuliza. "Kwa Mheshimiwa naogopa kujibu," nilisema. "Kila ninalolisema watu hulifanya."

Aliniangalia sana. Ndipo akauliza alichotakiwa kuuliza: "Akifunguliwa, nani atamfunga?"

Nilimwambia sijui bado. Alisema atazungumza na mkuu wa hekalu, atakaa na jambo hili usiku, na atatuma jibu kesho akitoka kupokea sadaka ya chakula. Mama Bualai aliinama mara tatu. Kaka Inkaeo pia, na paji lake la uso liliacha unyevu kwenye mbao.

16 Septemba

Asubuhi, mvua kubwa. Barabara ya hekalu imefungwa tangu alfajiri na watawa hawajapita mjini. Jibu halijafika.

Krathing amekaa kwenye kona ya kizimba, macho nusu. Kaka Inkaeo amekaa naye, amemwegemezea bega ili akisinzia asianguke. Amekatazwa kumfanya abweke, kwa hiyo anamwimbia.

Nilimkuta Phanida stoo akihesabu vifaa. Nilimwuliza alichoniuliza mtawa: akifunguliwa, nani atamfunga, nami nikaongeza: kwa kifaa gani. Nilimwambia sitaki kusikia "ndiyo, Mwalimu". Nilisimama mlangoni ili asipite.

Alihesabu tena rafu nzima hata nikadhani nimeshindwa.

"Mimi," alisema. "Kwa uzi. Mfupa wake umekatwakatwa, hautavumilia waya mwingine, hata wangu."

"Vema. Nitakushikia bomba la..."

"La." Alisema neno hilo moja, kisha akashika ukingo wa rafu kama mtu anayeogopa kuanguka. "Mwalimu asiingie chumbani. Mwalimu akiwa chumbani, mkono wangu utafanya anachokitaka Mwalimu. Kaka Inkaeo atanishikia bomba."

Nilimpisha.

Sasa niko ofisini, ripoti iko mbele yangu, na nimeifuta ile sentensi ya mbwa kumi na wanne. Mahali pake nimeandika tano, na chini ya tano nimeandika jina la aliyefunga. Habari ya picha zilizosomwa vibaya pia nimeiandika, na jina nililoweka hapo ni langu, la yule aliyepanga kwamba msaidizi asome picha za kazi ya mwalimu wake. Phanida bado hajaiona. Nitampa akiisha kufanya kazi yake, au akiisha kuambiwa asiifanye.

Sitamtumia mtawa mtu wa kumhimiza. Jibu lake litakapovuka mto nitaliandika hapa siku hiyohiyo, liwe lipi. Na akisema afunguliwe, nitaandika nikiwa nimekaa kwenye benchi la nje pamoja na Mama Bualai, mahali wanapongojea wenye mbwa.